Kalamu Isiyochora Kiti

Kwa sheria mpya, kalamu za wachora katuni zilikataa kumchora Rais kwenye kiti chake cha magurudumu. Nyamizi alijaribu kila siku pale gazetini. Magurudumu yalifutika yenyewe, Rais akasimama wima, na maneno "Nani atamrithi?" yakafutika pia.

Jumapili alimchora mumewe, Lusajo, ambaye hakuwa ametembea tangu ajali. Kalamu ikafuta kiti, ikamsimamisha.

"Nisamehe, Baba Tumpe. Nitakuchora upya kwa mkaa."

"Hapana, iache," Lusajo alisema, baada ya kuitazama kwa muda mrefu. "Itundike sebuleni."

Nyamizi akaitundika. Tangu siku hiyo, wageni wakipiga hodi, Lusajo husukuma magurudumu yake taratibu hadi chumbani na kufunga mlango.