Mgonjwa Wangu wa Mtihani

Anayefeli mtihani wa leseni ya uuguzi hurudishwa nyumbani pamoja na mgonjwa aliyemfia mikononi. Si mtu, ni taswira ya mashine tu, lakini anakaa, anakohoa, na hazimiki mpaka ufaulu.

Wangu ni Bi Mwanakombo. Huu mwezi wa saba anakalia kiti cha marehemu baba. Siku ya mtihani nilimwamkia, nikamuuliza anajisikiaje. "Sijambo, mwanangu," akajibu, kama mtu mzima yeyote angejibu. Nikaandika: hali nzuri. Sikumhesabia pumzi. Baada ya dakika kumi na moja akakata roho.

Sasa kila nikifungua vitabu ananiuliza, "Umefika wapi, Siwema?" Mama yangu amemzoea. Humwekea kikombe cha chai, kisha huimwaga ikishapoa.

Leo asubuhi, siku ya kurudia mtihani, nilivaa sare nyeupe, nikachukua begi, nikapita jikoni kuaga.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama tu, mwanangu. Nenda, utachelewa."

Alikuwa ameegemea meza kwa mikono yote miwili. Mimi huyo, mbio mpaka mlangoni. Hapo Bi Mwanakombo akanisemesha kutoka kitini, kwa upole uleule wa siku ile.

"Hata mimi nilikwambia sijambo."

Nikaliweka begi chini. Nikarudi jikoni, nikakitazama kifua cha mama, nikaanza kuhesabu.