Baiskeli Isiyopumzika

Dominiko alirudi nyumbani na baiskeli nyingine kabisa. Haikuwa na gia hata moja, na pedali zake hazikujua kutulia: gurudumu likizunguka, na miguu nayo lazima izunguke.

"Ile nzuri umeipeleka wapi?" mkewe, Eufrazia, alimuuliza.

"Nimebadilishana na Faizan, pale dukani kwake. Ya gia inanidekeza. Nikichoka narahisisha, kwenye mteremko nakaa tu. Hii haikupi nafasi. Moyo unafanya kazi mwanzo mwisho."

"Na Faizan hakukushangaa?"

"Kaniambia ya gia ndiyo ya milimani. Nikamjibu sipandi milima, naishia Mlali na kurudi."

Eufrazia alikunywa funda dogo la maji, akaifunika bilauri. Mtu aliyebeba kitambi miaka yote bila wasiwasi, leo ndiyo ameukumbuka moyo?

Kila alfajiri Dominiko akawa anatoka. Kitambi kikaisha, mashavu yakachongoka. Akaacha bia. Akaacha hata chumvi. Majirani wakamtania kwamba ameurudia ujana, naye akacheka tu.

Eufrazia hakucheka. Alijitazama kwenye kioo: uso umevimba, mkono umejaa alama za sindano. Siku hizi hata ngazi za kanisa zilimshinda. Sasa huyu mwanamume alikuwa akijipendezesha kwa ajili ya nani?

Asubuhi moja alimsikia nyuma ya jiko, akizungumza na simu kwa sauti ya chini.

"Bado kilo mbili tu, Judith... Lakini damu zetu zinaendana, si ndiyo?... Basi Mungu ni mwema. Ila mke wangu asijue kwanza, nakuomba."

Mumewe alipoingia, Eufrazia alimmiminia chai kama kawaida, ikamwagika kwenye sahani.

"Vipi, umezidiwa?" Dominiko aliuliza.

"Sijazidiwa. Wewe endelea na mazoezi yako."

Alhamisi alikunja nguo zake na kuzitia kwenye begi. Angerudi kwao Matombo, akaugulie kwa mama yake. Dominiko alikuwa barabarani na baiskeli yake; simu ameiacha mezani ikichaji. Ikaita. Kwenye kioo likaandikwa jina: Judith.

Eufrazia aliipokea.

"Mimi ndiye mwenye mume," alisema. "Kama ni kumchukua, mchukue. Nimeshafunga mizigo yangu."

Mwanamke wa upande wa pili akasema taratibu:

"Shikamoo, mama. Mimi ni nesi, napiga kutoka hospitali huku Dodoma. Baba alitukataza tusikwambie mpaka madaktari wampitishe, na leo wamempitisha. Njooni wote wawili Jumatatu, mama. Anakupa figo yake moja."