Damu Safi

Kichupa chenye damu yake mwenyewe kiligeuka buluu, rangi ya ugonjwa.

Felicitas akarudia. Akasimamisha kichupa kingine kwenye sumaku, akazitazama zile chembe za rangi ya kutu, zilizopakwa dawa ya kunasa virusi vya ukimwi, zikijikokota hadi ukutani mwa kichupa na kuganda. Akasuuza. Akadondosha rangi. Buluu ileile.

Katika maabara ile ya Temeke, damu za wagonjwa zililinganishwa na damu ya mtu asiye na ugonjwa, na siku zote ilikuwa yake. Ndiyo maana wenzake walimwita Damu Safi.

Jamaa wa meza ya pili akachungulia. "Ebo! Mgawo wa umeme umeshatuozeshea dawa. Mwaga, tufungue nyingine." Akachukua mpira wa kutolea damu, akamfunga mkononi. "Tutoe damu upya, watu wanangoja."

"Leo toa yako," Felicitas alisema.

"Yangu?" Jamaa akacheka hadi akashika meza. "Mie damu yangu siiamini hata kidogo. Yako ndiyo tunayoijua, dada."

Akaukaza mpira, na mshipa, kwa mazoea yake, ukatuna.