Kumwombea Mgombea

Gaudiose aliombea chakula, akaombea wagonjwa wa kanisani, na kabla ya kusema amina akamwombea pia mtu aliyemfunga mwanawe: Mungu amlinde, ampe ushindi, amwepushe na watu wa kumsumbua. Vijiko vilikuwa vimeshanyanyuliwa. Hakuna aliyeitikia.

Mtu mwenyewe alikuwa kwenye televisheni wakati huohuo, akitabasamu katikati ya wenzake waliokuwa wakigombea chama kiwateue kuwania urais. Zamani alikuwa mwendesha mashtaka katika jimbo la jirani, na kila alipopewa nafasi aliisifu rekodi yake: wahalifu wangapi aliwafunga, na kwa miaka mingapi. Mmoja wa hao wahalifu ni Ismaël, mwana wa Gaudiose, aliyehukumiwa miaka kumi na miwili kwa kukaa ndani ya gari wakati mwenzake anapora duka. Alisema mahakamani kwamba hakujua mwenzake kaenda kufanya nini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuna aliyemsikiliza.

Basi Jumapili ile sebule ya Gaudiose kule ughaibuni, mjini Adelphi, iligeuka bunge. Dunstan, Mtanzania wa ghorofa ya chini, ambaye ameshapata uraia na hachoki kuwakumbusha watu, alitangaza kwamba kura yake ni ya mgombea huyo, maana nchi isiyo na mtu mkali inaharibika. Kibet, kijana wa Kikenya anayesoma sheria, akamjibu kwamba kumfunga mtoto miaka yote hiyo si ukali, ni kujitafutia jina. Huyu akitaja wahuni walioondolewa mitaani, yule anataja watoto wa wageni waliotetewa na mawakili wasiojua hata majina yao. Walirushiana maneno mpaka wali ukapoa.

Arielle ndiye aliyewanyamazisha. Huyu ni mchumba wa Ismaël; mwaka wa nne huo anamngoja, na kila Jumamosi huendesha gari kwenda kumtazama gerezani. Alisema mabishano hayamtoi mtu jela. Mgombea anakuja kuhutubia mji wa jirani, Laurel, wiki ijayo. Waende wote, na Mama Ismaël asimame mbele ya kamera na picha ya mwanawe, amuulize swali moja tu.

Macho yote yakamgeukia Gaudiose.

"Tumuache ule muzee," alisema. "Alitumika kazi yake."

Kibet akamweleza kwa upole kwamba hana la kuogopa. Karatasi zake ziko sawa, na hapa mtu hakamatwi kwa kuuliza. Gaudiose alitikisa kichwa tu. Ndipo Arielle alipouliza jambo ambalo wenzake walikuwa wakilizunguka.

"Mama, so unaamini alifanya? Kuna kitu alikuambia?"

Kulikuwa na kitu. Ismaël alimwambia gerezani, siku wakili wake alipokuja kuwaaga. Alimwapisha kwa damu ya baba yake, aliyeuawa kule kwao Uvira na watu waliokuwa wakimtafuta Ismaël pia, kwamba hatamwambia mtu, Arielle zaidi ya wote. "Arielle akijua ataacha kuja," alisema, "na asipokuja mimi humu simalizi mwezi." Mama gani angevunja kiapo cha namna hiyo? Gaudiose akaanza kukusanya sahani za watu ambao hawajamaliza kula.

Wakamwelewa walivyomwelewa. Hata Dunstan aliinamisha kichwa kwa huruma, akaacha kumsifu mgombea wake. Arielle peke yake hakutikisika. Alichukua picha ukutani, akasema kama mama hawezi, yeye anaweza. Gaudiose alimshika mkono kumzuia, kisha akauachia.

Walikwenda bila yeye. Mgombea, taa za kamera usoni na kura za mchujo zikikaribia, alifanya ambalo mwanasiasa yeyote mwerevu angelifanya. Alimkumbatia Arielle, akasema kesi ile imemnyima usingizi tangu zamani, akaahidi kuzungumza na gavana wa jimbo lile yeye mwenyewe. La usingizi lilikuwa uongo mtupu. La gavana alilitimiza, maana kamera ziliendelea kumfuata. Majira ya baridi hayajaisha, kifungo cha Ismaël kikafutwa miaka yote iliyobaki.

Jengo zima lilishangilia. Dunstan alipanda na kreti la soda, akidai kwamba yeye alishasema tangu mwanzo yule bwana ana moyo. Kibet alipigiwa simu na walimu wake kupongezwa. Gaudiose alianguka magotini katikati ya sebule, akalia kwa sauti, na wanawake wakawatoa watu nje ili amshukuru Mungu wake kwa nafasi.

Asubuhi ya kumpokea walikwenda kwa gari la Kibet. Arielle alikuwa amesuka upya na amevaa gauni jekundu. Gaudiose alikaa nyuma na begi lenye sweta na viatu vya mwanawe. Walipofika alishuka pole pole akasimama karibu na lango.

Lango lilifunguliwa. Ismaël alitoka katikati ya maafisa wawili wa uhamiaji, mikono yake bado ina pingu, wakaelekea kwenye gari lililokuwa likiwangoja na injini ikinguruma. Arielle alipiga hatua mbili, akasimama, akamgeukia mama mkwe wake kuuliza wanampeleka wapi.

"Uvira," Gaudiose alisema. "Balisema tangu siku ya hukumu: akimaliza kifungo, banamurudisha. Mi nilikuwa nasali tu ile miaka isiishe."