Maji ya Tangi la Diwani

Tangu lini Mwalimu Mkuu akawa msomaji wa madaftari ya sayansi ya darasa la nne? Mwalimu Nasemba akamtilia shaka hapo hapo alipomwona akiingia darasani na kuyafunua.

Watoto walikuwa wanaandika ripoti ya jaribio lao: maharage yaliyomwagiwa maji ya mvua yameota, yaliyomwagiwa maji ya tangi alilozindua diwani yameoza.

“Kwenye matokeo waandike yote yameota,” mkuu alinong'ona. “Diwani anakuja kesho.”

“Nimewafundisha waandike walichokiona. Na maji hayo ndiyo wanayokunywa.”

“Hayana neno, mwalimu.”

Nasemba akachota kikombe kwenye ndoo ya darasa iliyojazwa tangini, akamwekea mezani.

“Basi kunywa, mkuu. Nao waandike.”

Watoto arobaini wakainua penseli, macho yote kwenye kikombe.