Kitovu Ndani ya Ndoo

Jumanne, tarehe 9 Machi, mwaka 2094, kitovu cha mjukuu wa Bibi Subilaga kilidondoka. Bibi akakifunga kwa jani, akashika jembe, akaelekea migombani, vilikozikwa vitovu vya ukoo mzima.

Binti yake, Atupele, akamkimbilia. "Mama, kuchimba ni marufuku! Moshi wa kinu cha umeme umesukumwa kwa mabomba, ukazikwa ardhini chini yetu."

"Si wangeupeleka mbali?"

"Kuusafirisha ni ghali. Tulitaka umeme rahisi, tukakubali uzikwe hapa."

"Kwa hiyo moshi una kwao, mwanao hana?"

Atupele alileta ndoo, akaijaza udongo wa dukani, wakakizika kitovu humo.

"Haya," Bibi akasema, "akiulizwa kwao ni wapi, ajibu ni ndooni."

Wakacheka mpaka mtoto akaamka. Lakini jioni Bibi aliitazama ile ndoo, moyo ukakosa utulivu. Ndoo ina mkono, na chenye mkono hubebwa na yeyote.

Wewe uliyesoma haya, msomee na jirani asiyejua kusoma, kabla hajakubali moshi uzikwe kwake.