Bima ya Saa Nane

"Mzee, jeki umepata?" sauti iliuliza kutoka chini ya tela.

"Inakuja," alisema Mwaba, simu ikiwa sikioni. "Tulia hapo hapo, mdogo wangu. Usijitikise."

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya vichaka, na lori limesimama katikati ya ile njia ya vumbi ambayo madereva wa mahindi huipita ili kuikwepa mizani ya malori kule Kapiri. Ni njia ya watu wenye mizigo mizito na karatasi nyepesi. Siku nzima hayapiti magari matatu.

"Dada Nakamba, nisikilize," Mwaba akarudi kwenye simu. "Bima imekwisha tangu wiki jana. Nataka mpya, sasa hivi."

Nakamba, wakala wake wa bima kule mjini, akacheka mpaka akakohoa. "Baba Chola! Mwezi mzima nakupigia, hupokei. Leo umeona kofia za polisi mbele, ndiyo umenikumbuka?"

"Si unanijua, dada."

"Nakujua sana. Matairi unanunua, bima unaipiga chenga. Haya, tuma pesa."

Akatuma pesa yote ya dizeli. Kampuni ya Mwaba na Wanawe ilikuwa Mwaba, lori moja na muhuri wa mpira. Wana wenyewe walikuwa mabinti wawili, na wote walisomeshwa na lori hilo. Mwenzake Kapembwa naye aliwahi kuwa na kampuni ya namna hiyo. Siku moja, bila bima, akamvunja nyonga mchunga mbuzi. Mahakama ikauza lori, ikauza na nyumba, na yule mchungaji bado anatibiwa. Leo Kapembwa anasukuma toroli sokoni, na wapakiaji mizigo aliokuwa akiwaajiri ndio wanaompigia miluzi apishe.

"Imefika," Nakamba akasema. "Nipigie picha ya lori."

Mwaba akasimama mbele, akapiga picha taa, bamba la namba na kioo.

"Na ya nyuma?"

"Nyuma nyasi zimefika kiunoni, dada. Unataka niumwe na nyoka kabla hujaniandikia?"

"Haya bwana, nakuamini. Ila sikiliza vizuri. Mtambo unaniandikia saa nane kamili. Kuanzia hapo ukigonga mtu, ni letu: akiumia tunamtibu, akifa tunamzika. Kabla ya hapo, hata ukiparuza mbuzi, ni mbuzi wako. Tusije tukaudhiana."

"Haiwezi kuandikwa kwamba ilianza alfajiri?"

"Alfajiri imepita, Baba Chola. Hata Mungu hairudishi."

Mwaba akakata matawi mabichi, akayatandaza njiani, mbele na nyuma, mbali kidogo na lori, kama afanyavyo kila dereva aliyefiwa na gari. Kwenye njia zile tawi bichi ni amri. Ukiliona unapita porini, huulizi.

Lakini muuza mkaa mmoja aliyekuwa na baiskeli aliuliza. Alisimama kwenye matawi, akapaza sauti:

"Limekufa?"

"Gia boksi!" Mwaba akamjibu, akimwendea mbio. "Pita huku kichakani, kuna kinjia."

"Fundi unaye?"

"Yuko mtu chini. Amelala kama chifu."

Muuza mkaa akacheka, akaikokota baiskeli yake kuingia kichakani. "Nyie wenye malori mna raha! Msalimie chifu!"

"Salamu zitafika."

Aliporudi, sauti ilikuwa ikimsubiri. "Mzee, mguu siusikii tena."

"Ukilala chali muda mrefu ndivyo inavyokuwa."

"Umewapigia kweli?"

"Nimepiga. Wanashughulikia. Kunywa maji."

Akapiga magoti, akapitisha chupa kati ya magurudumu. Mkono ulioipokea ulikuwa umejaa vumbi na grisi. Kisha Mwaba akakaa kivulini, akiegemea tairi, akaanza kumpigia soga. Alimweleza habari za mabinti zake, wa kwanza muuguzi, wa pili mkaidi tu. Yule mtu naye akasema mkewe atakuwa ameshasonga nshima, ugali wao wa mchana, na anavyomjua, hawezi kula peke yake.

"Basi itapoa," Mwaba akasema.

"Itapoa, mzee. Na mimi nitagombezwa."

Wakacheka wote wawili, wa chini akikatisha kicheko chake katikati. Jua likawapita utosini. Mwaba aliitazama simu, akaiweka pajani, akaitazama tena.

Hatimaye ikalia. Saa nane, na bima hii hapa, jina la kampuni na namba ya lori vyote viko sawa. Akaisoma mara mbili, akashusha pumzi ndefu. Lori lilikuwa lake tena.

"Mzee," sauti ikaita. Sasa ilikuwa nyembamba.

"Ee, mdogo wangu."

"Nikitoka hapa nitawaambia watu. Wewe hunijui, sikujui, lakini tangu saa nne asubuhi hukuniacha peke yangu. Hata polisi nitawaambia hivyo hivyo. Tangu saa nne."

Mwaba akainuka, akapangusa vumbi kwenye suruali.

"Usiseme sana," akamwambia kwa upole. "Pumzika."

Akapanda, akawasha injini. Iliwaka mara moja. Akalirudisha lori nyuma polepole, juu ya pikipiki aliyoigonga asubuhi, iliyolala chini ya tela, na juu ya mwenye pikipiki, akashuka, akapiga simu.

"Afande, njooni mbio! Nimemgonga mtu, sasa hivi!"